Mguu Wako Haukuwa na Kosa

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia.

Arobaini yako imepita salama. Mama anakula, kidogo. Mtu wa kununua gari lako alikuja mara mbili na mama alishakubali, maana nyumba nzima hakuna anayeiweza klachi yake. Nilijaribu mwenyewe hapa uani kwetu, mtaa wa Kikuyu. Nilikanyaga kwa mguu mmoja, nikaongeza wa pili. Gari likaruka kama mbuzi, likazima.

Nikaomba siku moja tu, nikamwita fundi. Alifungua boneti, akacheka. "Dada, mzee alikuwa anakanyaga hii kila siku? Basi alikuwa na mguu wa tembo." Akanionyesha waya wa klachi. Ulikuwa wa gari la aina nyingine, mrefu mno, umepindwa na kufungwa kwa mpira wa tairi.

Nikakumbuka. Uliufunga wewe, miaka ile ya uhaba, mimi nimekushikia spana. Ulisema, "Huu ni wa muda tu, mwanangu." Baadaye maduka yakajaa vipuri, na sisi tukawa tumesahau.

Baba, ndiyo sababu naandika. Mwaka jana ulipoanza kujichua mguu kwa dawa kila jioni, mimi ndiye niliyesema, "Umezeeka, baba, acha kuendesha." Hukubisha. Ulitundika funguo kwenye msumari, ukaacha hata kwenda Hombolo kuiona mizabibu yako. Kumbe mguu wako haukuwa na kosa. Tulichua mguu, na waya ndio uliokuwa mgonjwa.

Nisamehe.

Waya mpya umefungwa. Mama aliinama akaisukuma pedali kwa mkono, ikashuka. Akajifunga kanga, akaenda kumwambia yule mnunuzi asirudi.

Fundi amenifundisha wiki tatu sasa. Bado nageuza kona kwa woga. Ijumaa nitaendesha hadi Hombolo, mama pembeni yangu. Tutapita kwanza kaburini kwako, halafu tukapogoe mizabibu. Ukisikia gari linakuja polepole mno, ni mimi.

Na ninakuahidi hili: sitamwambia tena mtu amezeeka kabla sijainama kuona anakanyaga nini.

Pumzika, baba. Funguo nimezitoa msumarini.

Mwanao,
Zuhura