Nasike, Ng'ombe wa Ezra Sasa Anasimama

Kri, kri, kri. Kila Desemba sauti hiyo ilituamsha kabla ya jogoo: pedali ya cherehani yako, uliyoifunga tambara ili watoto wasisikie. Walisikia. Walifumba macho tu, wakangoja. Tarehe nne mwezi huu, Nasike mwanangu, mwaka umetimia tangu ilipokoma.

Uliwashonea watoto wengi wa Kitengela sare za shule. Mtoto wa mjane ulimwachia pindo refu bila kuambiwa, ili nguo imfae hata mwaka wa pili. Vipande vya shuka alivyokuletea jirani yetu Nashipae hukuvitupa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa Krismasi yetu.

Sheria ilikuwa yako: zawadi hatununui, tunatengeneza. Na atakayeingia mlango wetu siku hiyo asitoke mikono mitupu, hata kama amekuja na maneno.

Mwaka jana, majuma matatu baada ya kukupoteza, mtu alikuwa anakuja na maneno. Wakhungu, ndugu wa marehemu mume wako, alituma habari kwamba siku ya Krismasi angefika na gari kuwachukua wanao, Sheryl na Ezra, wakalelewe kwake Webuye. Sikubisha. Watoto ni wa ukoo wa baba, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini usingizi ulinikataa.

Alfajiri ya Krismasi nikasikia: kri, kri. Nikaondoka kitandani. Nilipofungua mlango nilimkuta Sheryl wako, miaka tisa, amesimama kwa mguu mmoja na mwingine uko kwenye pedali, maana akikaa hafiki.

"Unamshonea nani, mjukuu wangu?"

"Baba mdogo. Si ulisema anakuja?"

Wakhungu alifika saa sita, akakataa kukaa. "Mama, wafungie nguo. Njia ni ndefu."

"Kula kwanza, mwanangu."

"Tutakula mbele."

Sheryl akamletea mto mdogo, nusu shuka nyekundu, nusu kitambaa cha sare, mshono umepinda kama njia ya mbuzi. "Ni wa kulalia kwa gari, baba mdogo."

Akaugeuzageuza. "Umeshona mmoja tu? Na wewe utalalia nini?"

"Mimi siendi. Mama aliacha ng'ombe wa Ezra akiwa na miguu mitatu. Na cherehani haiwezi kuingia kwa gari yako."

Ezra, miaka minne, akamweka mezani yule ng'ombe wa kitambaa uliyekuwa ukimshona hadi wiki ya mwisho. Akaanguka. Akamsimamisha tena. Akaanguka.

Chapati zikapoa. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha meza kwa mikono miwili.

Mwishowe Wakhungu akavuta kiti. "Suruali yangu ya kwanza ya kazi, shemeji ndiye aliyenishonea," akasema taratibu. "Wasome hapa. Lakini likizo ya Aprili ni yangu."

Aprili walikwenda, wakarudi wamenenepa. Mto ule bado uko kwenye gari lake.

Unakumbukwa na mama yako Nakhumicha, watoto wako Sheryl na Ezra, shemeji yako Wakhungu, jirani yako Nashipae, na wote uliowaachia pindo refu. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.

Mguu wa nne Sheryl ameushona mwenyewe. Ni mfupi kidogo, lakini ng'ombe anasimama. Ezra anasema, mama, kuja tena umwone.