Sahihi ya Pili

3 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima na baridi ya huko haijakumaliza. Sisi huku tunapumua. Mimi nina mgongo tu, ule ugonjwa wa cherehani, na huo nimeshauzoea. Nimepiga namba zako zote tatu. Moja imefungwa, ya pili anapokea mama mmoja ambaye hatuelewani hata salamu, ya tatu inaita mpaka inachoka yenyewe. Ndiyo maana nimekaa chini kunakili anwani iliyobandikwa kwenye boksi ulilotuma.

Boksi limefika, asante. Ila nitasema kweli, nilipolifungua nikaona ni ndege ya kuchezea, nilitaka kulitupa nje. Miaka miwili nakutumia ujumbe kwamba Baba anasahau, kwamba anavaa kiatu hiki na kile, kwamba amemwita daktari "rubani" na kumlaumu kwa kuchelewa. Nawe unatuma mdoli wa povu jeupe, lile lile wanalofungia televisheni ndani ya boksi!

Halafu Baba akaliona. Kaka, alifufuka. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa ovaroli lake la buluu, akachukua ile tochi iliyompa jina la Mzee Tochi kule karakana ya ndege. Vitambaa vyangu vyote alivihamishia kitandani, akapanga vipande vya ndege kwenye meza yangu ya kukatia: kiwiliwili nusu mbili, mabawa, mkia, mota ndogo kama yai, pangaboi, betri. Hakukosea hata kimoja. Kazi yangu ilikuwa kumsomea kitabu cha maelekezo kwa sauti, naye ananiita "kijana", mimi binti yake. Nilikwenda kwa fundi viatu jirani nikaazima gundi. Nimegusisha tone moja tu kwenye mkia, Baba akanusa akiwa mlangoni, akapiga kelele nikaruka. Povu lilikuwa limeshaliwa, tundu la kupitisha kidole. "Gundi hiyo inakula povu, kijana. Ukurasa wa pili. Soma kwanza, shika baadaye." Nilicheka mpaka machozi, nami sijacheka hivyo tangu Mama atuache.

Siku nne tu akamaliza. Akaibeba ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, ikalala sawa kabisa, haikuinamia mbele wala nyuma.

Sasa nisikilize. Amechora mistari miwili kwenye karatasi ya daftari. "Imefanywa na", hapo ameweka sahihi yake. "Imekaguliwa na", hapo patupu. Unaijua sheria yake kuliko mimi: aliyefanya kazi hajikagui, na ndege haiondoki chini bila sahihi ya pili. Mimi nimekataliwa, eti ni msaidizi. Mwalimu wa jirani alijitolea, Baba akamwuliza leseni yake iko wapi. Anakutaka wewe. Amekutaja kwa jina, mara ya kwanza ndani ya miaka kumi na moja. "Mwanangu ana zamu asubuhi, atapita."

Tangu siku ile anakaa barazani na ndege mbele yake. Jua linamkuta hapo, mvua inamkuta hapo. Hali chakula mpaka zamu iishe, na zamu haiishi. Nikimvuta ndani ananiuliza nani atampokea mkaguzi. Daktari amesema hatakukumbuka siku zote. Ipo siku ataamka umeshatoka kichwani mwake, na hakuna ajuaye ni lini. Njoo kabla ya hapo. Sikuombi kingine.

Mdogo wako


21 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikacheka pale kwenye gundi. Bado unachoma vilevile, jina hatukukosea. Afya yangu njema, isipokuwa kikohozi cha msimu. Mpe pole Baba kwa mvua.

Kuja, hapana, si sasa. Kazi zimenikaa kooni. Tuna ndege kubwa mbili karakana na mafundi wamepungua, bosi hataki kusikia habari ya ruhusa. Mwakani labda.

Na tusidanganyane, unajua alichonifanyia. Wewe ulikuwa mdogo, ulisikia upande mmoja. Alibadilisha gurudumu la ndege ile, nati akaiacha bila waya wa kuifungia, makusudi, waya akautia mfukoni mwake. Mimi nilikuwa nawahi mechi, nikasaini. Sikuinama kuangalia, sikatai. Lakini ni baba gani anamtega mwanawe? Akautoa ule waya mfukoni mbele ya karakana nzima, kisha karatasi niliyosaini akaipeleka yeye mwenyewe kwa mkuu. Leseni ikaenda. Mwezi uliofuata nami nikaenda. Leo nije anitege tena?

Mambo haya ni mepesi, usiyakuze. Sahihi yangu unaijua, ulikuwa unaiiga tangu tukiwa shule. Iweke pale kwenye mstari. Mwambie nilipita alfajiri nikamkuta amelala. Atafurahi, atakula, na wewe utapata nafasi ya kushona.

Kaka yako


12 Machi

Kaka,

Shikamoo, na baada ya salamu sina mazuri.

Nilifanya ulivyosema. Najichukia kwa jinsi nilivyofanya haraka. Nilisubiri aende bafuni, nikaweka sahihi yako na ule mkia wake mrefu, imetoka vizuri kuliko unavyoiandika wewe. Alipotoka nikamwambia, "Mwanao alikuja, akakukuta umeingia kuoga, amekwenda zamu."

Aliwasha tochi mchana kweupe akaisoma karatasi. Akatabasamu. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba Baba ana mwanya. Akasema, "Leta uji." Nikakimbia kuuleta. Alishachota kijiko cha kwanza, akakirudisha bakulini, akasema, "Ngoja tuone." Akaunganisha betri, akashika rimoti, akasukuma kulia. Vibawa vidogo vya nyuma ya mabawa vikainuka kwa namna ya kugeuza ndege kushoto. Akasukuma kushoto, vikageuza kulia. Ameviunganisha kinyume makusudi, Kaka. Mtu asiyejua leo siku gani alikumbuka kuacha kosa ili mkaguzi alikute.

Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisema kwa sauti ndogo, "Hakuangalia. Hata safari hii hakuangalia." Akalia. Mama tulimzika Baba akiwa na macho makavu, leo analilia ndege ya povu.

Nilipiga magoti nikamwambia ni mimi, Baba, sahihi ni mkono wangu, hajafika, yuko mbali. Akanipapasa kichwa. "Usimtetee, kijana."

Karatasi ameichana. Ameandika nyingine, mistari miwili ile ile, na amerudi barazani. Uji anautema. Maji anakunywa nikimdanganya kuwa ni dawa. Vibawa vyenyewe hataki kuvirekebisha wala nisiviguse, anakusubiri wewe uvione.

Usitume boksi lingine wala ushauri mwingine. Lete macho yako tu. Uiname, uangalie, useme, "Baba, hapa pamekosewa." Hayo maneno matatu ndiyo yanayomweka na njaa.

Mdogo wako


27 Machi

Kaka,

Sijui kama uko mzima, hujajibu. Ovaroli la Baba nimelipunguza mara mbili kiunoni na bado linamvuka.

Sare za shule nilizokuwa nashona nimezirudisha. Nusu zilikuwa hazina mifuko. Siwezi kukaa kwenye cherehani wakati yeye yuko nje anatetemeka, na nikitoka kumfunika, kitambaa kinabaki chini ya sindano. Mwenye oda amenielewa, akaipeleka kwingine.

Juzi nilimfokea. Nilimwambia, ingia ndani au kufa hapo hapo, hakuna mkaguzi, mwanao hakutaki! Alisimama wima, mikono ubavuni, akaniomba radhi. Alidhani mimi ndiye mkuu wa karakana. Nikajifungia chumbani nikalia ndani ya gauni la mteja.

Nitaandika neno moja kisha nifunge bahasha kabla sijalifuta. Kuna asubuhi natamani nimkute ameshakufa. Basi, nimesema. Njoo unihukumu.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zimenifikia, ya pili leo. Nakusalimu, ingawa sina uso wa kukusalimu. Ile ya kwanza sikuijibu kwa sababu kila nilipoanza niliona naandika uongo mwingine.

Hakuna ndege kubwa mbili. Hakuna karakana. Miaka tisa napiga pasi mashuka ya hoteli, chumba cha chini, hakina hata dirisha. Kuna mashine moja ndefu, mimi nalisha shuka upande huu na mwenzangu analipokea upande ule. Bila leseni hakuna aliyenigusisha hata tairi la ndege, nami sikuweza kuwaambia. Kibali cha kukaa kiliisha zamani. Simu nilibadilisha ili usisikie mngurumo wa mashine ukaniuliza ni ndege gani hiyo.

Ndege ya povu niliiona dukani nikielekea kazini. Nilisimama pale mpaka nikachelewa. Nilitaka kumwambia Baba jambo na sikujua liandikweje, nikaona heri nitume kitu ambacho mikono yake itakielewa.

Kuhusu mtego. Miaka yote najiambia alinitega. Jana nimelisha mashuka zamu nzima nikiwaza jambo moja: ile ndege ingeruka na watu kumi na tisa. Alinitega ndege ikiwa bado chini na waya uko mfukoni mwake, mahali ambapo kosa lilikuwa la karatasi tu. Hakuwa ananivizia. Alikuwa ananifundisha, na mimi nilikuwa nawahi mechi.

Na hilo ulilolisema mwisho la kutamani afe, sikuhukumu. Wa kuhukumiwa ni mimi, niliyekuacha peke yako ukafikishwa hapo.

Nimekwenda mwenyewe ofisi ya uhamiaji nikawaambia sina kibali. Wamenipa karatasi ya kuondoka. Nikishatoka siruhusiwi kurudi, wamenieleza vizuri, nikawaambia sawa. Chumba nimekiachia, godoro nimempa mwenzangu wa mashine. Naondoka tarehe 19. Barua hizi zinakula wiki mbili njiani, kwa hiyo mimi nitafika kabla ya hii.

Najua utaisoma nikiwa nimeshafika, lakini naandika tu: mshikilie. Mwambie zamu yangu ni baada ya siku nane tu. Nitainama, nitaangalia kila kiungo, vibawa vya nyuma nitavianzia.

Kaka yako


14 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Bado sijapata neno lako, na hii itakukuta huko mwisho wa mwezi, kama anwani bado ni yako. Sikuandikii tena kukuita.

Baba anakula. Jumapili asubuhi aliamka akaomba chai, akanywa vikombe viwili na mkate. Mchana akala kama mtu aliyetoka shamba. Nikafurahi, nikajua ameanza kupona, nikatoka kufua nikiimba. Niliporudi jikoni nilimkuta amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa. Amelichomoa bawa moja la ndege, anapepea moto. Anapepea vizuri, kwa utaratibu, moto umewaka. Ncha ya bawa ilishaanza kuungua na kunyauka.

Nikamwambia, "Baba, hilo bawa." Akalitazama mbele na nyuma. "Ni jepesi," akasema. "Linafaa." Nikamletea karatasi yake ya mistari miwili nikamwuliza, "Mkaguzi je, humsubiri leo?" Akaniuliza mkaguzi wa nini. Nikamtajia jina lako. Akafikiri sana, alifikiri kwa heshima, kama mtu aliyeulizwa habari za mgeni, naye hataki kumkosea. Kisha akasema, "Huyo simfahamu, mama. Ni wa kwenu?"

Nimejaribu tena kesho yake, na leo. Nimemwonyesha picha yako ya siku ya leseni. Amesema kijana nadhifu.

Kwa hiyo pumzika. Hakuna tena anayekusubiri barazani. Halali njaa, hanyeshewi, halii. Nilimwombea ale na ameanza kula, sikujua ningelipwa hivi. Usiache kazi yako ya ndege kwa ajili ya mzee ambaye atakupa mkono na kukuuliza umetoka wapi. Kusamehewa ulikokuwa unakukwepa hakupo tena, na kulaumiwa hakupo. Nilikuwa nimeketi nikuandikie hayo tu, kwa upole, nikufungulie uende zako.

Lakini mkono hautaki kuweka sahihi, Kaka. Siku tatu hizi ananiita mama. Namlisha, namwogesha, namfunga vifungo, na anapolala nakaa mezani nashika kitambaa na sijui nishone nini. Nimekonda na hakuna aliyeona. Nimeanza kusahau kula mimi. Nilikuwa naandika Baba anakusubiri, Baba anakutaka, kwa sababu niliona aibu kusema ni nani mwingine aliyekuwa pale mlangoni nyuma yake, anaitazama njia ile ile.

Baba hana tena mwana. Mimi bado nina kaka. Njoo uniangalie mimi.

Mdogo wako