Maganda Saba ya Shaba

Jumatatu, 4 Novemba
Ndimu, chumvi, majivu. Kitambaa cha jinzi iliyochakaa. Leo ni maganda saba ya shaba, yaliyofukiwa tangu vurugu za mwisho, yametoka ardhini na kutu ya kijani. Ni ya shemeji Faustin, mume wa dada yangu, mwindaji kutoka Walikale. Risasi zake anatengeneza mwenyewe, na ganda la shaba ndilo koti la risasi. Mimi nasugua tu. Nimefundisha darasa la tano miaka mingi. Nimebaki na macho mabovu na subira. Nguruwe wa msitu wanamaliza viazi vya kijiji kizima, ndio anaowawinda.

Kabla ya kunikabidhi aliuliza, kama kawaida yake: "Uko na kasirani na muntu?" Kwao mwenye hasira hagusi shaba, eti risasi itaifuata hasira yake. Nikajibu hapana. Ilikuwa kweli. Faustin ni Mkristo kama mimi, lakini huuliza.

Jumatano, 6 Novemba
Matatu tayari. Mengine ni magumu. Ukiyaacha kwenye ndimu muda mrefu yanageuka rangi ya ufizi.

Mchana ng'ombe wa mfugaji wa kilimani, mzee Papa Siriake, wameingia kwenye maharagwe yangu. Yalikuwa yanatoa maua. Nimempandia kilimani nikamwita mvivu mbele ya wajukuu wake. Akanijibu kwamba shamba lisilo na ua ni malisho. Nimerudi mbio, nikakaa kusugua. Sijawahi kusugua vizuri hivi. Manne yote, hata doa moja halikubaki.

Ijumaa, 8 Novemba
Mvua. Faustin amekuja kuchukua. Ameuliza tena, huuliza wakati wa kutoa na wakati wa kupokea. Nikasema hapana. Sikutaka kazi iliyong'aa namna ile irudi kwenye majivu kwa ajili ya mambo ya babu zake. Ameyageuzageuza kwenye mwanga, akanisifu. Nimefurahi.

Jumapili, 10 Novemba
Jana alfajiri, kwenye ukungu, Faustin ameua ng'ombe. Wa Papa Siriake. Yule jike mwenye baka jeupe, anayekamuliwa. Mama Siriake anatengeneza jibini ya kushusha sokoni Sake kwa maziwa yale.

Kanisani vijana wa wafugaji wamekaa upande mmoja, vijana wa wakulima upande mwingine. Hilo silipendi. Chakula cha pamoja baada ya ibada hakikupita.

Jumanne, 12 Novemba
Kikao kwa chifu. Faustin hakujitetea. "Nililenga nguruwe. Shaba ilikuwa safi, niliuliza. Basi ni mukono yangu njo mubaya." Hakunitazama hata kidogo.

Kwao mwindaji aliyeharibika mkono hakai na watoto. Ameweka bunduki chini. Keshokutwa anarudi kwao Mubi, peke yake. Dada yangu analia. Watoto watano.

Nilikuwa kwenye benchi la mbele. Sikusema kitu. Naona aibu. Naandika hapa: ni ukungu ulioua. Risasi haina masikio, haijui nani kagombana na nani. Nimeandika, na haisaidii. Nilidanganya.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimemkuta anafunga mzigo kwenye pikipiki. Nimemwambia mbele ya dada yangu: Jumatano niligombana na Siriake, nikasugua na hasira yangu, Ijumaa nikakudanganya. Nilingoja ngumi. Amekaa juu ya jiwe. Kisha: "Kaka, tangu siku ile silali." Akafungua kamba za mzigo.

Tumepanda wote wawili kwa Siriake. Nimesema yote upya. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Mzee aliangalia malisho. "Siku ile niliona ngombe zinaingia mu maharage yako. Niliikala tu, sikuzifukuza." Vijana wake walikuwa mlangoni, wamesikia.

Mbuzi wangu wawili wamebaki kule, fidia ya ng'ombe.

Jumapili, 24 Novemba
Kanisani watu wamechanganyika tena. Si wote.

Nguruwe wamechimbua viazi vya Siriake, kisha vyangu. Faustin ameleta maganda sita. Alikuwa ametumia moja tu. Yanataka kusuguliwa upya. Juu ya mojawapo kuna alama ya kidole gumba, nyeusi, kila mstari unaonekana. Ni changu. Jumatano ile nililishika bila kitambaa.

"Uko na kasirani na muntu?"

Nimejitafuta moyoni kabla ya kujibu. Kila asubuhi nawaona mbuzi wangu kwenye malisho ya Siriake. Wamenenepa. Nikasema ndiyo, kidogo.

Hakukasirika. Ameyafunga maganda kwenye kitambaa, akayarudisha mfukoni. Atapita tena Jumatano, kuuliza. Dada yangu ametuletea chai, tumekunywa.