Kukata Kikwembe cha Watu

Alhamisi, jioni. Mvua imetupiga tangu mchana na barabara yetu ya Shari imegeuka tope tupu. Viatu nimeviacha mlangoni. Sina hamu ya kula.

Leo nimekata kikwembe.

Najua mtu akisoma hapa atacheka. Mshonaji kujisifu kwamba amekata kitenge ni kama mpishi kujisifu kwamba amewasha moto. Lakini mimi, kwa miaka yote niliyokaa kwenye mashini, sikuwa nakata. Nilikuwa naunga. Katika atelie nyingi za hapa Bunia ndivyo kazi inavyokwenda: mwenye atelie anampima mteja na kukata, sisi wengine tunapokea vipande na kuviunganisha. Ukikosea kushona, unafumua na kuanza upya, wala hakuna anayejua. Ukikosea kukata, basi. Kikwembe cha watu kimekwenda, na mwenyewe yuko njiani kuja kukichukua.

Niliwahi kukosea. Nilikuwa bado mwanafunzi kwa Mama Jeanne, aliyenifundisha kazi hii. Alinipa kikwembe chenye picha za ndege, nikakikunja vibaya, nikakata. Bluzi ilipokwisha, ndege wa mbele walikuwa wanaruka vizuri, wale wa mgongoni wote vichwa chini. Mteja aliivaa, akageuka, na atelie nzima ikaangua kicheko. Mmoja akauliza ndege wale wamepigwa na nani. Mama Jeanne alimtafutia mteja kikwembe kingine, hakunigombeza hata kidogo, na juma lililofuata akanipa mkasi tena. Nikasema kichwa kinaniuma.

Tangu hapo kichwa kikawa kinauma kila nilipoonyeshwa mkasi. Mgongo pia. Macho, mara nyingine. Nilikuwa mgonjwa mashuhuri.

Hayo yote ningeyacheka kama si ile Jumatatu. Mume wa Mama Jeanne alikuwa amepata kazi ya kusafirisha mizigo huko Aru, na familia nzima ilikuwa inahama. Mama Jeanne akaniita pembeni. "Weye njo utabakia na atelie," akaniambia. "Kuya kesho, tukate nguo za ile ndoa, bakuone." Zilikuwa nguo za ukoo mzima wa bibi harusi, kikwembe cha aina moja, na wateja wangekuja kupimwa palepale. Alitaka wanione nikiwa na mkasi mkononi ili wajue ni nani anayebaki.

Asubuhi nikamtuma jirani akaseme nimeshikwa na malaria.

Alikata peke yake. Atelie akamwachia Dorcas, msichana ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kutia uzi kwenye sindano. Sina kinyongo naye, ananitendea vema. Lakini kila asubuhi nafika, nakaa kwenye mashini ileile, napokea vipande vilivyokatwa na mtoto niliyemtangulia kazini, na nameza mate. Nimekuwa nikijiambia kwamba ndivyo Mungu alivyopanga. Mungu hakupanga chochote. Niliogopa.

Sasa, leo. Dorcas amekwenda Tchomia kumwona mama yake anayeumwa. Kabla mvua haijaanza akaingia mwanamke mmoja, mtu mzima, na kikwembe cha kijani chenye picha za vikapu. Kesho anasafiri kwenda kwenye ubatizo wa mjukuu wake na alitaka bluzi leo leo. Nikamwambia fundi hayupo mpaka kesho. Akaniangalia mimi, akaangalia mashini, akaangalia mkasi juu ya meza.

"Na weye?"

Nilifungua mdomo niseme kichwa kinaniuma. Nikayasikia maneno yenyewe yakija, nikaona haya, haya ya kweli, kana kwamba Mama Jeanne amesimama pale mlangoni. Umri wote huu, bado kichwa! Nikafunga mdomo, nikachukua utepe, nikampima.

Chaki niliikaza mno hata nikaivunja. Nilitandika kitambaa, nikakunja, nikakunjua, nikahakikisha vikapu vyote vimesimama wima, nikakunja tena. Yule mama alipitiwa na usingizi kwenye benchi kabla sijagusa mkasi. Kisha nikakata. Nilidhani moyo utasimama. Haukusimama. Kitambaa kilifunguka chini ya mkasi, nami nikaendelea, bega, kwapa, kiuno, mpaka mwisho.

Nilipomaliza kuiunga, bluzi ilimkaa. Ilimkaa mabegani, ilimkaa kiunoni, na vikapu vilisimama wima mbele na nyuma. Alijitazama kwenye kioo, akasema, "Iko muzuri, aksanti," akangoja mvua ipungue kidogo, akaondoka zake. Hakushangaa hata kidogo. Kwake yeye mshonaji amekata nguo, kuna ajabu gani?

Nikabaki nalia.

Siku zote nilisikia kwamba mtu akiushinda woga anafurahi. Mimi sikufurahi. Laiti ningekiharibu kile kikwembe! Ningekiharibu, ningejua kwamba woga wangu ulikuwa na sababu, kwamba nilifanya vizuri kukaa kando miaka yote hii. Lakini kimetoka vizuri. Kimetoka vizuri bila mtu kunisaidia. Basi nilikuwa najikinga na nini? Mikono iliyokata leo ndiyo hiyohiyo niliyokuwa nayo asubuhi ile ya malaria ya uongo. Atelie ingekuwa yangu. Wanafunzi wangekuwa wangu. Na huenda kukata kungekuwa kumeshanichosha, ningekuwa nalalamika kama Dorcas anavyolalamika, jambo ambalo leo naliona ni raha kubwa.

Nilipofika nyumbani nikampigia simu Mama Jeanne kule Aru. Nikamweleza habari ya kikwembe, akapiga vigelegele mpaka akakohoa. Alikuwa na furaha kuliko mimi. Ndipo nikamwambia na lile jingine, kwamba siku ya zile nguo za ndoa sikuwa na malaria.



"Nilijuaka," akasema. "Nilikuyaka kwako na dawa. Nikakukuta nyuma ya nyumba, unafula nguo. Nikarudia."

Nikamwuliza kwa nini hakuniita.

"Nikuite juu ya nini? Nilingoja weye mwenyewe useme kama unaogopa. Kama ungesema, ningeshika mukono yako na mukasi ndani, tungekata siye wawili. Tulipashwa kwenda Aru siku ya tatu. Nikaambia bwana yangu, tungoje kwanza. Tukangoja mupaka siku ya posho. Nikasema, pengine atakuya."

Aliniombea heri, akaniambia niwasalimie watoto, tukaagana.

Mizigo ilikuwa imekwisha kufungwa, mume anamharakisha, naye aliahirisha safari kutoka Jumatano hadi Jumamosi kwa ajili yangu. Nami siku hizo zote nilikuwa najificha nyumbani, nikisikiliza kama ameshaondoka. Nilipoambiwa ameondoka, nilishusha pumzi na kumshukuru Mungu. Hilo sikumwambia kwenye simu, na sijui kama nitaweza.

Kesho Dorcas anarudi. Nitamwambia nataka kuanza kukata, na kwamba naogopa, na asimame karibu nami. Nimejaribu kuyasema hapa chumbani peke yangu, kwa sauti. Ni maneno machache tu. Mama Jeanne aliyangoja mpaka Jumamosi.