Bafle Mbili za Kwaya na Jina la Mama Kaswera

KIKAO CHA KAMATI YA KWAYA YA SHIRIKA

Tarehe: Jumapili, 18 Mei 2025, baada ya misa ya pili
Mahali: Salon (sebule) ya Baba Edmond, Butembo
Waliohudhuria: Baba Edmond Maliro (Mwenyekiti), Solange Kanyere (Katibu), Delphin (Mwalimu wa nyimbo), Mama Kaswera (Mjumbe)
Mgeni: Ibrahim, fundi wa redio, jirani wa Mwenyekiti
Hakuwepo kwa ruhusa: Mama Emérence, yuko Lubero kwa mavuno ya viazi
Hakuwepo bila ruhusa: Syauswa, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/5/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana kwa sala fupi, akaeleza kwamba jambo ni moja tu, bafle (spika) iliyokufa. Mama Kaswera alisema jambo ni jina lake. Mwenyekiti alimwomba angoje zamu yake.

KUMB. NA. 2/5/2025: TULIPOTOKA
Katibu alisoma kumbukumbu za 27 Aprili. Wiki moja kabla ya hapo kwaya ilipewa zawadi ya bafle mbili za mezani, za kujifunzia nyimbo nyumbani. Ili wanaume na wanawake wasigombane, kamati ilizigawa: moja ikae kwa Mwenyekiti kwa niaba ya wanaume, nyingine kwa Mama Kaswera kwa niaba ya wanawake. Ya Mwenyekiti iliimba. Ya Mama Kaswera haikutoa hata pumzi. Ikaandikwa: "Mama Kaswera ameunguza bafle kwa betri ya panneau yake ya jua." Tangu siku hiyo hajaimba.

Mama Kaswera alijibu: "Mimi sikuchoma kitu, Baba. Mulinipatiaka ile bafle bila hata uzi ya courant, ya umeme. Niliwaambia, hapana mulisikia. Sasa ku soko banasema Kaswera njo aliuaka bafle ya kanisa. Hata kuja misa napitia njia ya nyuma, sawa mwizi."

Mwenyekiti alieleza kwamba huenda uzi ulianguka njiani. Mama Kaswera aliuliza njia gani, maana alitoka na bafle salon hiihii mbele ya macho ya wote. Mwenyekiti akaita jambo linalofuata.

KUMB. NA. 3/5/2025: WIMBO KUTOKA BENI
Delphin alilalamika kwamba wimbo wa Pentekoste, uliotumwa kwa simu na kwaya rafiki ya Beni na kusikilizwa kwenye bafle ya Mwenyekiti, umefika na sauti za wanaume peke yao. Aliwaita watu wa Beni wavivu. Barua kali ilikuwa tayari, imebaki muhuri tu.

KUMB. NA. 4/5/2025: UCHUNGUZI
Ibrahim alipewa bafle zote mbili. Alizigeuza nyuma, akacheka mpaka Mwenyekiti akakohoa. "Baba Edmond, hii yako njo iko na moteur ya kusukuma sauti na uzi ya courant. Ile ya Mama inakulaka kwa mwenzake, yenyewe haiingizwaka courant. Mulitenganisha bibi na bwana, donc basi nani atajibu?"

Ibrahim aliulizia uzi mwembamba wa kuziunganisha. Baada ya kutafuta sana, ulikutwa umefunga pazia la dirisha la Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema aliuona mzuri, akadhani ni wa kufungia katoni.

Ibrahim aliunganisha, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, akachomeka simu yenye wimbo ikiwa kwenye chaji, akawasha kwa convertisseur, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri. Ukatoka mngurumo mkubwa. Delphin aliruka akasema imeungua kweli. Ibrahim alichomoa tu simu kwenye chaji, mngurumo ukakoma. Lakini bafle ya Mama Kaswera ilibaki kimya, na Mwenyekiti akasema, "Munaona?" Mama Kaswera aliinamisha kichwa. Ibrahim alikagua uzi, akakuta kibanio kimebana plastiki badala ya shaba. Akaumenya kwa kisu, akarudisha.

Wimbo ukaanza, na kwenye bafle ya Mama Kaswera zikatoka sauti za wanawake wa Beni, zote. Ibrahim alieleza kwamba wimbo ulirekodiwa wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, kila upande na bafle yake. Mama Kaswera alilia, kisha akaimba nao hadi mwisho. Hakuna aliyemkatiza. Katibu naye alifuta machozi, na haoni aibu kuliandika.

KUMB. NA. 5/5/2025: MAAMUZI
Barua ya Beni ilichanwa na Delphin mwenyewe. Bafle hazitatenganishwa tena. Imeandikwa kwamba Mama Kaswera hakuunguza kitu. Kosa ni la kamati iliyogawa kisichogawika, na la Katibu aliyeandika bila kuuliza. Mwenyekiti ataitangaza habari hii baada ya misa Jumapili ijayo, kwa mdomo wake. Alipendekeza itangazwe kwa ufupi. Pendekezo lilikataliwa na wote.

KUMB. NA. 6/5/2025: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na robo. Mama Kaswera alibaki kwenye kiti, akamwomba Katibu amsomee pale palipo na jina lake. Alisomewa. Akasema, "Somea miye tena, Solange. Polepole." Akasomewa tena.

Edmond Maliro, Mwenyekiti (sahihi)
Solange Kanyere, Katibu (sahihi)