Simu ya Kumwona Mama

Jumapili, 19 Juni 2016

Simu ya Baba imezima tena, Mama akiwa katikati ya maneno. Wao huongea kila Jumapili baada ya ibada, Baba hapa Juba, mtaa wa Juba Na Bari, Mama kule Arua. Betri imevimba mpaka mfuniko haufungi, ameukaza kwa mpira. Leo alibaki ameishika sikioni muda mrefu. Simu imekufa, yeye anasikiliza tu.

Miaka miwili na nusu hawajaonana. Vita vya Desemba 2013 vilipopoa kidogo, Mama alivuka kwenda Uganda na dada yangu Erina na watoto wake. Baba akakataa. Kiwanja hiki alikiacha mara moja, wakati tulikuwa wakimbizi Eldoret, akarudi akakuta mtu amejenga. Kukipata tena kulimmaliza. Hatoki. Mama naye harudi mpaka asikie amani yenyewe. Basi wamebaki hivyo, na mimi niko hapa na Baba, natoka kazini nampikia.

Nimeamua. Namtafutia simu ya kuonana uso kwa uso.

Jumamosi, 25 Juni

Sokoni Konyo Konyo tangu asubuhi. Edrine, yule Mganda anayeuza simu karibu na samaki wakavu, amenichagulia moja iliyotumika. Skrini safi. Shida ni laini ya Baba — ya zamani, kubwa, lazima ikatwe ndiyo iingie. Baba alinipa imefungwa kwenye leso. Ndiyo namba pekee ambayo Mama anaijua kwa kichwa. Nikamwambia Edrine akiiharibu mimi nalala hapa kibandani kwake.

"Madam, wewe usiogope, hii mkono yangu iko sawa," akasema, akaibana kwenye kikatio.

Nilifumba macho. Imeshika!

Nyumbani Baba aliigeuza mbele nyuma akitafuta skrubu. Ametengeneza redio miaka thelathini. Hakuna skrubu. Akaniuliza kitu kisichofunguka, kikiharibika unakianzia wapi. Lakini alikaa nayo mpaka chakula kikapoa.

Jumatatu, 27 Juni

Somo la kwanza. Vidole vyake ni vigumu, vimeungua kwa miaka ya kulehemu, skrini haivisikii. Anabonyeza kama anayegonga mlango. Amempigia mchungaji mara tatu bila kujua. Mchungaji akapiga yeye, anauliza kama kuna msiba.

Alhamisi, 30 Juni

Kuonana hakujawezekana. Programu ya video imegoma, inasema simu yenyewe isasishwe kwanza. Nikakubali. Mtandao wetu ni kijiti kimoja: ikafika robo, ikakatika, ikaanza upya. Mara tatu. Bando kalas, limekwisha. Baba alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani siku ya Alhamisi.

Nikampigia Mama kawaida kumweleza. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akasema mbona haraka, simu yake nayo kamera ni mbovu. Lakini hiyo simu nilimtumia mimi mwaka jana. Kamera siyo mbovu.

Jumapili, 3 Julai

Nimempigia Erina nikiwa nyuma ya kanisa. Alianza kulia kabla sijamaliza swali.

Mwezi wa tatu Mama alianguka bafuni. Kiharusi. Mkono umerudi, anatembea, anapika. Lakini uso umeshuka upande mmoja, mdomo umevutwa. Amewaapisha wote pale nyumbani. Anasema mumewe alimwacha pale stendi, siku ya safari, akiwa mwanamke mzuri, basi abaki na huyo huyo kichwani mwake.

Na mimi nimeapishwa. Nimerudi nikampakulia Baba, sikuweza kumtazama. Miezi minne! Miezi minne mimi namlalamikia Mama mgongo wangu na foleni ya maji, yeye ananipa pole.

Alhamisi, 7 Julai

Baba ameuliza kama waifai ya kazini kwangu, ile nyumba ya wageni ya Thongpiny, inaweza kumaliza kusasisha simu. Nikasema inaweza, ila labda tungoje kidogo. Akauliza tungoje nini. Akaweka chai chini.

"Tangu mwezi wa tatu maneno ya mama yenu yanateleza," akasema. "Yale ya kufunga midomo hayafungi. Mimi nimesikiliza redio mbovu maisha yangu yote, Charity. Hii siyo redio."

Alijua kwa kunyamaza kwangu. Nikamuuliza kwa nini hajamwambia Mama kwamba anajua.

"Ni lake kusema. Mimi nataka nimwone tu."

Kesho naenda na simu kazini. Aliuliza Mama akipiga je. Nikasema ni mpaka jioni tu, Baba.

Saa moja hii milio ya risasi upande wa Gudele. Wanasema ni askari kwa askari, kwenye kizuizi. Baba amefunga dirisha.

Ijumaa, 8 Julai

Nimeiunganisha saa nne asubuhi. Asilimia kumi na mbili. Arubaini. Saa nane ikazima yenyewe, ikawaka, ikaanza kupanga programu moja moja. Saa tisa tayari. Kila kitu kimehama mahali pake, alama za kijani zimekuwa za bluu, itabidi nimfundishe upya kuanzia mwanzo. Nilicheka peke yangu pale mapokezi.

Saa kumi na moja nafunga mkoba. Milio. Siyo kama ya jana. Mizito, upande wa ikulu. Malual, mlinzi wetu, amefunga geti kwa mnyororo, anasema hakuna mtu kutoka.

Simu za kawaida hazishiki. Baba yuko nyumbani peke yake, na simu yake iko kwenye mkoba wangu.

Jumamosi, 9 Julai

Sikukuu ya uhuru. Miaka mitano. Hakuna bendi, hakuna gwaride, kimya tu. Mwaka ule wa kwanza Mama alicheza kaburini kwa Garang mpaka mkanda wa kiatu ukakatika, Baba akambebea viatu mpaka nyumbani. Mbele za watu! Alivishika mkononi kama mtu aliyebeba mkate.

Nikajaribu kutoka. Nilifika barabara ya uwanja wa ndege. Askari akauliza natoka wapi, naenda wapi, ni mtu wa wapi. Nikasema naenda kwa baba yangu. Akasema rudi. Hakupandisha sauti, ndiyo maana nilirudi.

Jirani yetu Abuk nimempigia tangu asubuhi. Mafi, hakuna. Hapatikani.

Jumapili, 10 Julai

Mizinga tangu asubuhi. Helikopta juu. Tuko kumi na mmoja kwenye korido, magodoro tumeyaegemeza madirishani. Jenereta limezimwa, ila waifai inatumia betri ya sola, bado iko.

Saa saba simu ya Baba ikaita. Siyo mlio wa kawaida. Video. Mama.

Nilidhani amekosea kubonyeza. Nikapokea. Uso wake ukajaa skrini yote, karibu kabisa, bila kitambaa, bila kugeuza kichwa. Jicho la kushoto limelegea. Mdomo umekwenda pembeni. Amesikia habari redioni, akamwambia Erina amwekee namba ya Baba yenye picha.

"Geuza simu," akasema. "Nataka kumwona baba yenu."

Nikamwambia mimi niko kazini.

"Yeye yuko wapi?"

Nyumbani. Na simu? Simu niko nayo mimi. Nikamweleza: kusasisha, waifai, mpaka jioni tu. Nilisikia maneno yangu yanavyosikika. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza.

Nikasema na lile lingine, kiapo basi. Kwamba Baba anajua. Kwamba amejua tangu mwezi wa tatu, kwa sauti yake, na alinyoa ndevu ili amwone.

Mama akajishika shavu lile lililoshuka. Kishindo kikapiga karibu, vumbi la dari likamwagika kwenye skrini, nikalipangusa na kidole, nikawa namfuta Mama uso.

"Usikate," akasema. "Acha hivyo hivyo. Sitaki kuanza kupiga tena halafu isishike."

Sijakata. Ni saa tisa na nusu. Nimeegemeza simu kwenye ndoo ya maji, naandika, yeye ananitazama. Picha inaganda, inarudi. Erina amemletea chai hajainywa. Betri asilimia ishirini na sita.

Sasa hivi Malual ametambaa kutoka getini. Anasema upande wa Juba Na Bari pametulia kidogo, kuna watu wanapita kwa miguu, wanawake, hawazuiwi. Mwenye kutaka kwenda aende sasa, haijulikani kwa dakika ngapi. Natalina wa jikoni ameshasimama, amejifunga shuka.

Nikitoka getini waifai inabaki huku. Picha itakatika, na Mama ataona giza tu, hatajua ni mimi nimetoka au ni nini.

Nimemwambia nataka kwenda kwa Baba. Sijui kama amesikia, picha imeganda akiwa amefungua mdomo. Natalina anauliza kama naenda. Nimevaa kiatu kimoja. Nangoja Mama ajibu.