Ufa Uliofunikwa na Alama

Jumatatu, 6 Oktoba

"Alama isiyoonekana haiwezi kudhuru." Kauli ya Elibariki, fundi wetu wa kompyuta, kikaoni asubuhi. Upuuzi. Mionzi nayo haionekani, mbona tunavaa aproni za madini ya risasi?

Nimepiga eksirei mpaka saa tisa. Kila picha inatiwa alama ya siri ya hospitali, ili mtu asidai fidia kwa picha ya mfupa wa mwenzake. Nia njema. Lakini Elibariki ameikaza mno, isifutike picha zikitumwa kwa simu. Sasa mifupa ina chengachenga. Mimi naziona. Yeye hazioni.

Jumatano, 8 Oktoba

Mgonjwa wangu, Mama Aikande, kateremka tena kutoka Kirua Vunjo. Wiki iliyopita aliteleza na mkungu wa ndizi. Tukamwambia kifundo cha mkono ni kizima. Nikamwamkia.

"Marahaba. Picha yenu ndiyo nzima, mwanangu. Mkono bado unauma."

Aibu. Ni mimi niliyempiga picha ile. Kahawa imeiva na hawezi kushika hata kikapu. Nakala safi, isiyo na alama, hukaa kwenye mashine siku kumi tu. Yake inafutika keshokutwa jioni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Elibariki kakataa kunifungulia nakala safi. Ana namba yake: ubora wa picha zenye alama ni karibu kamili.

"Da' Zuhura, utabishana na hesabu?"

Nitabishana. Huo ni wastani wa picha nzima, pamoja na weusi mtupu wa pembeni. Ufa ni mwembamba kama unywele. Wastani hauoni unywele. Nimepanda hadi kwa daktari mkuu, nikasema mpaka akachoka. Kesho, jaribio moja.

Ijumaa, 10 Oktoba

NIMESHINDA.

Daktari Neema, msomaji wetu wa eksirei, kasoma picha zilizochanganywa, bila kuambiwa ipi ina alama. Ya Mama Aikande, yenye alama: kifundo kizima. Ile safi: kasogea, kaweka kidole juu ya ufa.

"Haki ya Mungu," akasema Elibariki nyuma yake.

Nilicheka kwa sauti. Sijutii. Alama inahamia kwenye weusi wa pembeni, nje ya mwili. Ataihamisha yeye mwenyewe.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama Aikande kafungwa hogo la plasta mkononi. Wanawe wanachuma kahawa. Nimebandika karatasi kwenye chumba cha kusomea picha:

Madaktari, mpaka alama ihamishwe, mgonjwa akisema bado panauma, daini nakala safi siku hiyohiyo. Bila hiyo, msitie sahihi kwenye majibu.